Mashine Mama Ilivyokata Jina la Konsolata

Nyie mnaoanza kazi leo, siku ya kwanza mnaonyeshwa meza na kompyuta. Mimi siku ya kwanza nilipewa ndoo, dekio na birika la lita tano. Nasema mapema msije mkadhani anayewaandikia ni mtaalamu. Naitwa Martina Kalunde, Mkonongo wa Inyonga, shule niliishia darasa la nne. Nilikuwa mhudumu katika ofisi ya umoja wa wafuga nyuki hapa Mpanda mpaka magoti yaliponigomea. Lakini nendeni pale leo mkaulize ni nani alijua kuiuliza mashine mama nani yumo ndani na nani ametoka. Watawaambia Bibi Kalunde. Sioni haya kulisema. Nimelitolea jasho.

Mashine mama ni jina tulilompa wenyewe. Ni ile kompyuta kubwa ambayo haikuwa ya mtu mmoja. Orodha zote zilikaa humo: wafugaji, mizinga yao, na msitu walikoitundika. Kwenye meza kulikuwa na kompyuta ndogo, na kila aliyekaa mezani aliingia mashine mama kwa jina lake na neno lake la siri, kama mtu anayepita getini. Waliiweka katika chumba changu cha chai kwa sababu ndicho peke yake kilichokuwa na nondo dirishani. Basi mimi na yeye tukawa wapangaji wa chumba kimoja. Yeye ananguruma, mimi naosha vikombe.

Fundi wake aliitwa Kizito Mwanisawa, kijana wa Sumbawanga, na huko Sumbawanga ndiko alikoishi. Alikuja Mpanda kwa basi mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote mashine ikisumbua alinipigia simu mimi, si meneja, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nayo chumbani. Nawasimulia siku ya kwanza.

"Bibi, mbele yako kuna kioo cheusi?"

"Kipo. Kina kimstari kinakonyeza."

"Vizuri. Andika who, halafu enta."

Nikatafuta herufi moja moja. Nikaandika whoenta.

"Inasemaje?"

"Haijasema. Inakonyeza tu."

"Umebonyeza enta?"

"Nimeiandika yote, e-n-t-a."

Nikasikia anacheka mpaka anakohoa. Kumbe enta ni kibonye, kile kikubwa cha mkono wa kulia. Nikamwambia, ungesema. Nilipokibonyeza, mashine ikanijibu maneno ya Kizungu ambayo niliona wazi hayakuwa ya heri. Tukaanza upya. Safari hii nikaandika WHO kwa herufi kubwa, maana nilifundishwa ukiandika kitu cha heshima uanze na kubwa. Ikakataa tena. Mashine mama haijui heshima hizo, inataka ndogo tupu. Mara ya tatu ikakubali, na nikaona majina ya watu waliokuwa wameingia saa ile. Simtowe, ambaye ndiye meneja. Taabu, karani wetu. Nikaenda kuchungulia ofisini: kweli, Meneja Simtowe yuko mezani, na Taabu Mbogo yuko mezani anatafuna karanga.

Jamani, nilifurahi. Nilirudi chumbani nikaitazama ile mashine kama mtu aliyegundua jirani yake anajua Kikonongo.

Lakini siku iliyonitia aibu kabisa ni ya kistari. Kizito anataka kujua kama ghala la mashine limejaa. Amri yake ni df, kisha nafasi, kisha kistari na h.

"Bibi, andika df."

"Nimeandika."

"Sasa acha nafasi."

Nikasogeza kiti nyuma. "Nimeacha."

"Weka kistari."

"Kizito, baba, kutoka huku nilipo siifikii."

Hicho kisa mpaka leo mafundi wa Sumbawanga wanasimuliana. Waache wasimuliane. Aliyewahi kusogeza kiti hasahau tena kwamba nafasi ni kibonye kirefu cha chini.

Mimi kichwa changu hakishiki Kizungu, ila kinashika majina. Tangu zamani kazi yangu nyingine ilikuwa daftari la wageni pale mlangoni. Nani kaingia, katoka wapi, saa ngapi, katoka saa ngapi. Mtu akija mara moja, akirudi baada ya miaka mitatu namwita kwa jina lake na la mamaye. Kizito alipoliona lile daftari alipiga paja. "Bibi, kumbe kazi hii unaifanya siku zote! Mashine nayo ina daftari la wageni, tena inajiandikia yenyewe." Hapo ndipo nilipoelewa, na tangu hapo hakunifundisha kwa maneno ya vitabu. Nilichukua daftari la shule nikaandika kwa namna yangu. Who: nani wamo ndani sasa hivi. W peke yake: wamo, na wanafanya nini. Last: daftari la wageni, aliyeingia karibuni anakaa juu. Whoami: mimi ni nani, maana mtu unaweza kukaa kwenye kiti cha mwenzio ukajisahau. Uptime: imeamka tangu lini.

Hiyo uptime ilinichongea. Asubuhi moja Kizito anapiga.

"Bibi, uptime inasemaje?"

"Inasema kumi na nne, halafu m-i-n."

"Dakika kumi na nne? Wiki iliyopita ilikuwa na siku arobaini! Nani ameizima?"

"Humu hajaingia mtu."

"Bibi. Dakika kumi na nne zilizopita ulikuwa unafanya nini?"

Nikalitazama jagi la umeme. Soketi ilikuwa moja tu. Maji yalikuwa yanachemka vizuri kabisa.

"Chai," nikasema.

Tangu siku hiyo nilirudi kwenye mkaa, na juu ya ile soketi nikaandika kwa chokaa: HAPA HAPACHOMOLEWI. Meneja alikuja na chaja ya simu yake, nikamrudisha na umeneja wake.

Na saa za mashine. Hapa nawaomba mnisikilize, maana hata wasomi wameanguka. Mashine inaandika 08:10. Mimi nikamwambia Kizito mtu kaingia saa nane na dakika kumi, Kizito akamtafuta aliyekuwa zamu ya mchana, ugomvi ukawaka bure. Kumbe ni saa mbili na dakika kumi asubuhi. Nikaandika kwenye daftari langu: mchana wote, ondoa sita. Nane ondoa sita ni mbili. Kumi na nne ondoa sita ni nane. Hesabu ya darasa la nne inatosha.

Taabu naye. Huyu alikuwa haagi. Anamaliza kazi, anachukua pochi anaondoka, jina lake amelisahau ndani ya mashine. Siku moja naandika w, naona taabu yumo, na pembeni imeandikwa saa moja na nusu hajagusa kitu. Nikampigia.

"Taabu, uko wapi?"

"Niko sokoni Bibi, nachagua dagaa."

"Mashine inasema uko ofisini."

"Sasa Bibi, mimi na mashine nani anajua nilipo?"

"Anayejua ni atakayekaa kwenye kiti chako akaandika upuuzi kwa jina lako."

Akarudi mbio na dagaa zake kwenye mfuko. Nawaambia na nyie: ukimaliza, andika exit, au logout, utoke umeaga. Na neno lako la siri usimpe mtu hata kama mnalala kitanda kimoja. Jina lako likiwa ndani na wewe uko nje, hilo ni kama kumwachia mtu mdomo wako.

Sasa niwaambie habari yenyewe iliyonifanya nishike kalamu.

Tulikuwa na binti anaitwa Konsolata Niyongabire, kwao Litapunga. Wazazi wake ni wa wale waliotoka Burundi wakapewa uraia wetu, na Konsolata kazaliwa hapa hapa, hajui kwingine. Ndiye aliyeandikisha vikundi vya kina mama. Mama akitaka kutundika mizinga msituni Ugalla lazima apate kibali, na kibali hakitoki bila jina lake kuwa kwenye orodha yetu. Orodha ya kina mama wa Litapunga aliikusanya Konsolata kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Ilikuwa ipelekwe Jumatano.

Jumatatu asubuhi akafungua mashine, orodha haipo. Imefutwa.

Meneja Simtowe akaja mpaka chumba cha chai. Si mtu mbaya, lakini akikasirika masikio yanakuwa mekundu na hasikii. "Bibi Kalunde, Ijumaa asubuhi orodha ilikuwepo, Konsolata mwenyewe anakiri aliishika. Nitolee kwenye hiyo mashine wote walioingia kuanzia Ijumaa mpaka leo."

Nikaandika last. Nikanakili kwenye karatasi kwa mkono wangu, herufi kwa herufi, bila kuongeza wala kupunguza. Nilikuwa najivunia kunakili kwangu. Ijumaa kulikuwa na mistari miwili tu, maana meneja na Taabu siku ile walishinda mkutanoni. Niyongab, 08:12 mpaka 11:50. Niyongab tena, 14:05 mpaka 14:52. Baada ya hapo hakuna mtu mpaka Jumatatu.

"Huyu Niyongab ni Konsolata?" meneja akauliza.

"Ndiyo," nikasema.

Nimeandika hilo neno hapa na mkono bado unaona uzito. Mimi ninayekumbuka majina yote, siku ile nilikumbuka moja.

Konsolata akaitwa. Nilikuwa mlangoni na sinia.

"Ijumaa mchana ulirudi ukafanya nini kwenye mashine?"

"Sikurudi, Meneja. Nilitoka saa sita kasoro, nikaenda Litapunga, dada alikuwa anaumwa."

"Mashine inasema uliingia saa nane."

"Basi mashine imekosea."

"Bibi Kalunde," meneja akanigeukia, "hii mashine inakosea?"

Nyie, kila siku nilikuwa nawatambia watu pale kwamba mashine mama haidanganyi. Nilipomkamata Taabu sokoni nilitamba. Sasa nikaliweka sinia chini. Nikasema, "Haijawahi."

"Umesikia. Orodha umeifuta, kwa makusudi au kwa uzembe, na sasa unakana. Hilo la kukana ndilo baya zaidi. Taabu! Chapa barua ya kumsimamisha kazi. Jina hilo hapo kwenye karatasi."

Konsolata akaja kukaa chumba cha chai, kwenye ndoo niliyoigeuza. Hakulia. Alikuwa anakunja pindo la kitenge chake, analikunjua, analikunja. "Bibi," akasema, "sioni uchungu wa kazi. Naona uchungu wa wale mama. Nitawaambia nini? Niliwaapia majina yao yako salama. Na watasema, si mnaona, watu wa kambini hawa."

"Nani atasema?"

"Bibi, watasema."

Nikageukia vikombe, maana sikujua pa kuweka uso. Vikombe vya Ijumaa nilikuwa sijaviosha, niliondoka mapema kwenda sala ya jumuiya. Kimoja kilikuwa na alama ya kidole cha tope kavu kwenye mkono wake. Tope jekundu. Tope lile halipo mjini, lile ni la milima ya Mwese.

Nikasimama.

Ijumaa mchana alikuja Mzee Yeremia. Bwana nyuki wetu wa Mwese, mtu mzima, amekuja kwa bodaboda, buti zimejaa tope; alikuja kuaga, maana alikuwa anaanza likizo. Kwenye daftari la mlangoni kaandika kama kawaida yake, Yeremia, Mwese, akaishia hapo. Nikampa chai, nikamwacha anapumzika kwenye meza ya dirishani, nikaenda kununua sukari. Na kabla sijatoka aliniuliza, "Dada Kalunde, nusu wajina wangu yuko wapi leo?" Nikamjibu kaenda Litapunga.

Nusu wajina. Ndivyo alivyomwita Konsolata siku zote, na Konsolata alimwita hivyo hivyo, "Shikamoo nusu wajina," wanacheka. Mimi nilidhani ni utani wao wa Kirundi.

"Konsolata," nikasema, "kwa nini Mzee Yeremia anakuita nusu wajina?"

"Kwa sababu ya majina, Bibi. Mimi Niyongabire, yeye Niyongabo. Yanaanza pamoja, yanaachana mwisho. Mimi ni kusema Mungu ndiye zawadi. Yeye, Mungu ndiye ngao."

Yeremia Niyongabo. Nilikuwa nalijua! Nimemwandikia mwenyewe jina hilo kwenye karatasi ya zawadi za sikukuu, miaka yote. Lakini ofisini ni Mzee Yeremia, Mzee Yeremia, mpaka jina la pili limelala.

Nikakaa mbele ya mashine. Nikatazama niyongab. Nikaiandika who, maana Konsolata alikuwa bado hajatoka kwenye mashine ya mezani. Ikaandika niyongabire, yote, mpaka mwisho. Kumbe jina zima inalijua! Mbona kwenye daftari la wageni imeandika nusu?

Nikampigia Kizito.

"Bibi, niko kwenye basi narudi Sumbawanga kutoka msibani, hapo Mpanda nimepita tu, tumeshaipita Sitalike." Sitalike mnaijua, ukishaipita unaingia mbugani, ni viboko na twiga, mtandao hamna.

"Kizito, sikiliza haraka. Mashine imekata jina. Imeandika niyongab, ikaishia hapo."

"Eh, ndiyo, last inaonyesha... nane tu, Bibi. Herufi nane. Ongeza kistari da..."

Kimya. Nikapiga tena, yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia mteja hapatikani. Namjua kuliko ndugu zangu.

Kistari da. Nikaandika last, nafasi, kistari, d. Enta. Majina yakatoka yale yale, yamekatwa pale pale. Mle ndani namsikia Taabu anachapa barua, ta-ta-ta, na Taabu akiamua ana mkono mwepesi.

"Bibi, acha tu," Konsolata akasema.

"Nyamaza, nafikiri."

Kizito nimemsikiliza kwenye simu miaka. Herufi d hasemi da. Anasema di. Di-efu ya ghala la mashine, ndivyo anavyosema. Da ni mwanzo wa nini? Nikajisemea herufi zote kwa sauti yake, ei, bii, sii, mpaka mwisho kabisa wa safari nikaikuta. Dabliyu.

Last, nafasi, kistari, w. Enta.

Mistari ikafunguka. Ijumaa, 08:12 mpaka 11:50, niyongabire. Ijumaa, 14:05 mpaka 14:52, niyongabo.

Nilimshika Konsolata kichwa nikamwelekeza kwenye kioo. Nikatoka na mikono yangu ya povu mpaka ofisi ya meneja. Barua iko mezani, kalamu ameshika.

"Meneja, usitie sahihi."

"Bibi, chai baadaye."

"Sijaleta chai. Nimeleta jina."

Akaja. Nasema ukweli, alikuja kwa kunidharau kidogo, nilimwona. Nikamwonyesha. Akasema ni jina lile lile. Nikamwambia, "Hapana baba, hesabu na mimi." Nikaanza kwa vidole, la kwanza. N, i, y, o, n, g, a, b, o. Tisa, kidole kimoja kimebaki. La pili. N, i, y, o, n, g, a, b, i, r, vidole vimeisha. Nikachukua kijiko cha chai nikakisimamisha mezani. "E. Kumi na moja. Last ukiiacha peke yake inasoma nane tu halafu inachoka. Hawa wawili kwenye nane wako sawa."

"Mbona la kwangu haikati?"

"Simtowe ni saba. Taabu tano. Kizito sita. Kalunde saba. Sisi wote tumepita mlangoni bila kuinama. Waliogonga kichwa ni hawa."

Masikio yake yakarudi rangi yake. Akakaa kwenye ile ndoo, meneja mzima.

Mzee Yeremia tulimpata baada ya saa nzima, maana kule Mwese simu mpaka upande kilimani. Meneja akaweka sauti kubwa tukamsikia wote.

"Ijumaa? Ndiyo, niliingia. Nilisafisha orodha zangu za zamani kabla ya likizo."

"Za Mwese tu?"

Upepo ukavuma kwenye simu.

"Meneja, miwani nilisahau nyumbani. Kwani imepotea nini?"

Meneja akamwambia. Yule mzee akasema, "Na huyo nusu wajina mlitaka kumfukuza kwa ajili yangu? Msimguse. Nakuja." Na alikuja, likizo kaitupa, kesho yake asubuhi tope mpaka magotini, akasimama mbele ya watu wote akasema ni mimi, kisha akampa Konsolata mkono kwa mikono miwili. Hakufukuzwa mtu. Mzee Yeremia alinunuliwa miwani ya pili ya kukaa ofisini.

Kuhusu orodha, Kizito alikuwa ameweka nakala alipokuja safari ya mwezi uliopita. Waliokosekana ni kina mama walioandikishwa baada ya hapo, na karatasi zao Konsolata alikuwa ameshazichoma, kwa sababu aliambiwa mashine inatosha. Mnaona mambo hayo? Kina mama kumi na wanne. Lakini wote walikuja kutia sahihi, wakapita mlangoni kwangu, wote wamekunywa chai yangu, japo daftarini waliandikwa kwa ujumla, kina mama wa Litapunga. Nikamwambia Konsolata, "Kaa, andika."

Nikamtajia. Perpetua Nibigira, mizinga yake iko upande wa mto. Yustina Kisinza, aliyeolewa na Msukuma. Ana Ntahondi na dada yake Ana Ntahomvukiye, msiwachanganye. Nikafika kumi na tatu nikakwama. Wa kumi na nne namwona kabisa, ana mwanya, anakunywa chai bila sukari, alikuja na kuku wa zawadi ambaye alitoroka tukamkimbiza uani. Konsolata vidole viko juu ya vibonye, ananisubiri.

"Kuku," nikasema. "Kuku alikuwa mweupe. Alisema ni wa mama mkwe wake. Mama mkwe wake ni Skolastika wa pale kanisani. Eufrazia! Eufrazia Nzeyimana."

"Herufi ngapi hilo, Bibi?" Konsolata akauliza, na ndiyo mara yake ya kwanza kucheka siku ile.

Jumatano orodha ilikwenda, na vibali vilitoka vyote. Kizito aliporudi aliipanga mashine ili last isikate tena jina la mtu yeyote, hata ukisahau hiyo dabliyu. Siku hizi Konsolata ndiye anayekaa na funguo za mashine mama, na daftari langu la shule nimemwachia.

Kitu kimoja tu nilichukua siku niliyostaafu. Barua ile. Meneja alitaka kuichana, nikaiomba, ninayo kwenye sanduku chini ya vitenge vyangu. Taabu aliinakili kwenye karatasi yangu kama ilivyo, kwa hiyo imeandikwa: "Kwa Ndugu Niyongab." Imepigwa muhuri, imebaki sahihi tu. Nimeuliza Makanyagio hapa mjini, nimeuliza Litapunga, nimetuma watu mpaka Mwese. Hakuna mtu wa jina hilo Katavi nzima.